Miji ya theluji ya Japani isiyojaa watalii: mwongozo kamili wa safari ya majira ya baridi

Tokyo mwezi Januari huwa na jua. Anga ni safi, lami ni kavu, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima asione hata punje ya theluji. Ukipanda treni ya mwendokasi ya Joetsu kuelekea Niigata, utapita katika handaki la Dai-Shimizu, lenye urefu wa kilomita 22 chini ya milima, na ukitokea upande wa pili mapaa yamebeba theluji ya kimo cha mtu. Sababu ni upepo. Hewa kavu na baridi kali kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana joto kuliko hewa hiyo, hufyonza mvuke njiani, kisha hugonga milima ya kisiwa cha Honshu na kumwaga theluji yote upande wa magharibi. Upande wa Tokyo hupata hewa iliyokwisha kukamuliwa. Wajapani huita ukanda huo wa magharibi yukiguni, yaani nchi ya theluji.

Wasafiri kutoka nchi za joto hujiandaa kupambana na baridi, lakini baridi ya huku si kali kama inavyodhaniwa. Katika mji wa Yokote, kipimajoto cha Januari hucheza kati ya nyuzi 1 na hasi 5 hivi. Safari huharibiwa na vitu viwili vingine: maji na ratiba iliyobanwa. Theluji inayoanguka karibu na nyuzi sifuri ni nzito, imeshiba maji, na huyeyukia begani na ndani ya kiatu. Theluji hiyo hiyo ndiyo husimamisha treni. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unalenga kubaki mkavu na kuwa na muda wa akiba.

Hatua ya 1: Chagua mji na mwezi

Shirakawa-go na Ginzan Onsen, vijiji vya theluji vinavyojulikana zaidi na watalii, ni pazuri, lakini pamejaa. Ginzan ilifikia hatua ya kuweka kikomo cha wageni wa kutwa kuanzia msimu wa 2024/2025. Tunashauri mitatu hii.

Takada, katika jiji la Joetsu mkoani Niigata, ndiyo rahisi kuanza nayo. Treni ya mwendokasi ya Hokuriku hutoka Tokyo hadi kituo cha Joetsu-Myoko kwa saa mbili hivi, kisha unabadilisha treni ndogo kwa takriban dakika 10. Mwezi Februari 1945 theluji ilifika kina cha sentimita 377 hapa, na wenyeji husimulia habari ya kibao cha zamani kilichosimikwa juu ya theluji kikisema: chini ya hapa upo mji wa Takada. Jambo la kuangalia kwa makini ni gangi, yaani vibaraza vyenye paa mbele ya maduka na nyumba, ambavyo vikiunganishwa vyote hufika kilomita 16 hivi. Kila mwenye nyumba amejenga kibaraza chake juu ya ardhi yake mwenyewe ili majirani wapite wakati barabara imefukiwa. Kwa sababu hiyo sakafu hazilingani: hapa unapanda kidogo, pale unashuka ghafla, mbao zinakuwa saruji na saruji inakuwa vigae. Tembea ukitazama miguu. Mji huu pia ndipo afisa wa Austria, Theodor von Lerch, alipowafundisha askari wa Japani kuteleza kwa skii mwaka 1911.

Yokote, mkoani Akita, ina kamakura: vibanda vya theluji vya mviringo ambavyo ndani yake kuna madhabahu ndogo ya mungu wa maji. Katikati ya Februari watoto huketi humo usiku na kuwakaribisha wapita njia kwa mochi (keki za mchele) za kuchoma na amazake, kinywaji kitamu cha moto cha mchele. Hakikisha tarehe za mwaka husika kabla ya kulipia chumba, maana vyumba huisha miezi kadhaa kabla. Ukikosa sikukuu yenyewe, jumba la Kamakurakan hutunza vibanda hivyo mwaka mzima katika chumba chenye nyuzi hasi 10.

Hijiori, kijiji cha chemchemi za maji moto katika eneo la Okura mkoani Yamagata, ni cha mwenye uzoefu kidogo. Februari 2018 kina cha theluji kilipimwa sentimita 445. Unafika kwa treni ya mwendokasi hadi Shinjo, mwisho wa njia hiyo, halafu basi la karibu saa nzima ambalo safari zake kwa siku ni chache sana. Ukikosa la mwisho, umelala Shinjo.

Kuhusu mwezi: theluji hushuka kwa wingi zaidi kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Desemba ni bahati nasibu. Epuka tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari, kwa kuwa treni hufurika na maduka mengi madogo hufungwa.

Hatua ya 2: Viza, na ratiba yenye siku tupu

Paspoti za Kenya, Tanzania na Uganda zinahitaji viza kabla ya kuondoka, na ombi huambatanishwa na ratiba ya kila siku pamoja na mahali pa kulala kila usiku. Kwa hiyo weka nafasi katika nyumba zinazokubali kufuta bila gharama hadi viza itoke.

Ratiba ya usiku 7 inayofanya kazi ni hii: Tokyo usiku 1, Takada usiku 2, Yokote usiku 2, na Tokyo usiku 2 za mwisho. Kutoka Takada kwenda Yokote unarudi hadi Omiya, karibu na Tokyo, unapanda treni ya mwendokasi ya Komachi hadi Omagari, kisha treni ya kawaida ya dakika 20 hivi. Usiku 2 za mwisho zinaonekana kama anasa, kumbe ndizo bima yako. Anayepanga kutoka Yokote asubuhi na kupanda ndege Narita jioni hiyo hiyo amecheza kamari na theluji. Ndege ikikuacha, tiketi mpya ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam itakugharimu kuliko hoteli mbili.

Usipange zaidi ya kuhama kumoja kwa siku. Januari jua huzama karibu saa 10 na nusu jioni, na kutafuta nyumba ya wageni gizani huku theluji ikianguka ni shida isiyo na sababu.

Hatua ya 3: Tiketi

Pasi ya taifa ya JR (mashirika makuu ya reli ya Japani) ya siku 7 ilipanda bei Oktoba 2023 hadi yeni 50,000, na tangu hapo hailipi kwa kila safari. Tokyo hadi Omagari ni yeni 17,000 hivi kwa upande mmoja. Ukienda Yokote tu na kurudi, nunua tiketi za kawaida. Ukizunguka miji miwili au mitatu, piga hesabu upya na ulinganishe na pasi za kikanda za JR East, ambazo ni nafuu zaidi.

Mtego unaowanasa wengi uko kwenye treni ndogo. Njia ya Joetsu-Myoko hadi Takada inaendeshwa na shirika la Echigo Tokimeki, na ile ya Muikamachi hadi Tokamachi na Hokuetsu. Hayo si mashirika ya JR, na pasi ya taifa haikubaliki humo. Weka sarafu tayari.

Viti vyote vya Komachi ni vya kuwekwa nafasi. Tiketi hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari, saa 4 asubuhi kwa saa za Japani.

Hatua ya 4: Nyumba ya wageni

Ryokan, nyumba ya wageni ya kijadi, hutoza kwa kichwa, si kwa chumba. Katika miji hii tarajia yeni 12,000 hadi 25,000 kwa mtu pamoja na chakula cha jioni na asubuhi. Chakula cha jioni hutolewa saa 12 au 12 na nusu, na hakisubiri mtu. Treni ikichelewa, piga simu mara moja; ukinyamaza, sahani zako zitaondolewa, na wenyeji wataingiwa na wasiwasi kwamba umepotelea kwenye theluji.

Unapoweka nafasi, andika mambo matatu: unafika kwa treni ya saa ngapi, kama unaomba gari la kukupokea kituoni (nyumba nyingi hulituma bure, lakini sharti liombwe mapema), na vyakula usivyokula. Kwa Mwislamu, kuandika "sili nguruwe" peke yake hakutoshi. Mirin na sake, ambazo zina kilevi, huingia kwenye mchuzi wa samaki, wa tambi za soba na hata wa mboga. Taja nguruwe, mafuta yake, sake na mirin moja baada ya nyingine, siku kadhaa kabla. Nyumba ikijibu kwamba haiwezi, chukua chumba bila chakula, ununue mchele, mayai, samaki wa kuchoma kwa chumvi na matunda kwenye supamaketi. Miaka hii Ramadhani inaangukia msimu wa theluji. Katikati ya Februari jua huzama Akita saa 11 na dakika 10 hivi jioni, kwa hiyo chakula cha saa 12 kinafaa kwa futari. Daku utajipangia mwenyewe.

Ndani ya nyumba hizi chumba huwa na joto, lakini ukumbi na choo mara nyingi ni baridi. Jiko la mafuta ya taa lenye feni hujizima lenyewe baada ya saa 3 kwa usalama. Lipo kitufe cha kuongeza muda, nalo hupiga mlio kabla ya kuzima. Lizime kabla ya kulala na likiwa linawaka ufungue dirisha kidogo mara moja au mbili kila saa, maana moshi wake hubaki chumbani.

Hatua ya 5: Mavazi, kuanzia sokoni nyumbani

Huna haja ya kununua kila kitu kipya. Makoti ya baridi ya mitumba yamejaa Gikomba na Karume, na mengi ni imara kuliko mapya ya bei hiyo. Ila yapime. Geuza koti ndani nje utazame mishono: koti la mvua la kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono. Utepe ukiwa umebanduka au unamenyeka kama ngozi ya kitunguu, liache. Kisha mwagia kijiko kimoja cha maji begani, usubiri dakika 5. Yakibaki matone yanayoviringika, chukua. Yakizama na kitambaa kikawa na doa jeusi, hilo ni koti la Tokyo, si la Takada. Mwisho, funga na kufungua zipu ukiwa umevaa glavu.

Vaa tabaka tatu. Ya ndani iwe ya sufu au polista, kamwe isiwe pamba: pamba hushika jasho, na ukisimama dakika 10 kusubiri basi jasho hilo linakuwa maji baridi mgongoni. Ya kati ni sweta au flisi. Ya nje ni koti lisilopitisha maji, lenye kofia na linalofunika makalio. Jeans ni kosa kubwa kuliko yote, kwani hulowa hadi magotini na haikauki usiku mmoja. Vaa suruali ya mvua juu ya suruali nyepesi. Ndani ya treni vua koti mara moja, kwa sababu vipasha joto viko chini ya viti na ukitoka jasho humo utalipia nje. Beba jozi mbili za glavu, na soksi za sufu jozi nne.

Miguu inastahili fedha zako kuliko koti. Usinunue viatu vya theluji vya mitumba bila kukunja soli na kuibonyeza kwa kidole gumba: soli za poliuretani huoza kwa unyevu hata zikikaa kabatini, na humeguka vipande siku ya kwanza ya kutembea. Wenyeji wengi wa nchi ya theluji huvaa gambuti zenye bitana ya joto, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya nyumbani kwa yeni 3,000 hadi 5,000. Nunua kubwa kwa nusu saizi ili soksi nene ziingie. Kidole kilichobanwa hakipati damu na ndicho hupoa kwanza. Saizi huandikwa kwa sentimita, na zaidi ya 28 ni nadra. Mwenye mguu mkubwa aje na vyake. Ongeza viraba vyenye meno vya kuvalisha juu ya soli, na uvivue kabla ya kuingia kituoni au dukani, kwa kuwa chuma juu ya vigae vyenye maji huteleza kuliko kiatu kitupu.

Viatu vikilowa, vijaze gazeti lililokunjwa-kunjwa, ulibadilishe baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala. Usiviweke mbele ya jiko: gundi ya soli hulainika.

Kairo, vifuko vya unga wa chuma vinavyotoa joto vikikutana na hewa, hudumu saa 10 hivi. Bandika juu ya nguo, kamwe si juu ya ngozi, na usilale navyo. Joto lake dogo likikaa mahali pamoja muda mrefu huunguza bila wewe kusikia maumivu.

Koti, glavu na soksi za siku ya kwanza viingie kwenye begi la mkononi. Begi kubwa likichelewa kufika, utakuwa Narita na nguo za Dar.

Hatua ya 6: Siku ya kuhama

Magurudumu ya sanduku hayasogei kwenye theluji. Tumia takkyubin, huduma ya kutuma mizigo inayopatikana hotelini na kwenye maduka madogo ya saa 24. Kwa yeni 2,000 hadi 3,000 hivi sanduku hufika mji mwingine siku inayofuata. Wakati wa theluji nyingi ongeza siku moja, na ubaki na begi la mgongoni lenye dawa, chaja na nguo za usiku mmoja.

Toa pesa taslimu kabla ya kuondoka mjini. Mashine za 7-Eleven na za posta hukubali kadi za nje, lakini basi la kijijini mara nyingi halikubali kadi yoyote. Unapandia mlango wa nyuma au wa katikati, unachukua kikaratasi chenye namba, unatazama ubao wa mbele unaoonyesha nauli ya namba yako ikipanda, na unaposhuka unatumbukiza kikaratasi pamoja na nauli kamili. Ipo mashine ya kuvunja noti za yeni 1,000 karibu na dereva. Ivunje basi likiwa limesimama.

Usikodi gari kama hujawahi kuendesha kwenye barafu. Desemba 2020 zaidi ya magari 2,000 yalikwama kwenye barabara kuu ya Kan-Etsu kwa zaidi ya siku mbili. Ukiwa abiria ndani ya gari lililokwama, dereva azime injini au achimbe theluji kuzunguka ekzosi kila mara. Ikifukiwa, moshi huingia ndani na huua bila harufu ya kukuonya.

Hatua ya 7: Kutembea mjini

Piga hatua fupi, weka unyayo wote chini kwa pamoja, na uegemeze uzito mbele kidogo. Mikono isiwe mfukoni. Mahali pabaya zaidi si penye theluji mpya bali penye lami inayoonekana imelowa tu baada ya jua kuzama: hiyo ni barafu nyembamba. Mistari myeupe ya kivuko huteleza kuliko lami iliyo kando yake.

Tazama juu. Mchana jua likitoka, theluji ya paani huporomoka yote kwa mkupuo mmoja, na ujazo wa mita moja ya theluji nzito ni mamia ya kilo. Kwenye gangi uko salama. Pasipo na gangi, kaa mbali na ukuta. Usisimame chini ya vipande vya barafu vinavyoning'inia ili kupiga picha.

Tazama chini pia. Kando ya barabara kuna mifereji ya maji yaendayo kasi ambamo wenyeji hutupa theluji, na vifuniko vyake huachwa wazi wakati wa kazi. Theluji laini ikifunika ukingo, mguu unazama. Mkoani Niigata utaona pia mabomba yaliyolazwa katikati ya barabara yakirusha maji ya ardhini ili kuyeyusha theluji. Lami huko ni nyekundu kwa kutu ya madini ya chuma yaliyomo kwenye maji. Magari hurusha maji hayo hadi magotini, na hapo ndipo utashukuru kwa gambuti.

Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri hupungua haraka ikipoa. Kamera iingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla hujaingia ndani, ili ukungu ugande juu ya plastiki badala ya lenzi.

Hatua ya 8: Maji ya moto

Chemchemi za onsen huogwa uchi, wanaume mbali na wanawake. Osha mwili kwa sabuni ukiwa umeketi, suuza, kisha ingia; taulo dogo haliingii majini. Asiyeweza kuoga mbele za watu aombe bafu la faragha, kashikiri, siku anapoweka nafasi. Jimwagie maji ya moto miguuni kwanza, polepole, kwa sababu kutoka chumba baridi kuingia maji ya nyuzi 42 huyumbisha shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha akae dakika 5 tu, maji yakiishia kifuani.

Kwenye njia ya Kitakami, kati ya Yokote na Kitakami, kituo cha Hotto-Yuda kina bafu la namna hii ndani ya jengo lake, na bafuni kuna taa kama za barabarani: ya buluu treni ikiwa mbali, ya njano ikikaribia, nyekundu ukiwa umebakiwa na dakika 15. Ukiona njano, toka uvae.

Hatua ya 9: Treni ikisimama

Kila jioni tazama mambo mawili: tahadhari za idara ya hali ya hewa na ukurasa wa hali ya treni wa shirika lako. Maneno ya kutambua ni oyuki (theluji nyingi), chien (kuchelewa) na unkyu (safari imefutwa). Chuiho ni tahadhari ya kawaida, nayo hutolewa mara nyingi. Keiho ni onyo zito, na siku hiyo usihame. Mara nyingi mashirika hutangaza jioni kwamba treni za kesho zitafutwa. Ukisoma hivyo, mwombe mwenye nyumba usiku mwingine papo hapo, kabla wengine hawajazinduka.

Njia ndogo hufungwa kwanza na kufunguliwa mwisho. Treni za mwendokasi huvumilia zaidi. Kwa hiyo, dhoruba ikitabiriwa, hamia siku moja mapema hadi mji wenye kituo cha mwendokasi, kama Kitakami au Joetsu-Myoko. Kwa msaada kwa Kiingereza saa 24, shirika la utalii la Japani lina simu 050-3816-2787. Gari la wagonjwa ni 119, polisi 110.

Treni iliyofutwa hurudishiwa fedha zote. Ya mwendokasi ikifika imechelewa saa 2 au zaidi, ada ya ekspresi, ile inayolipwa juu ya nauli, hurudishwa. Usitokee kwenye geti la mashine, ambalo linaweza kumeza tiketi. Pita kwa mhudumu, aigonge muhuri, nawe uibakize mkononi hadi dirisha la malipo. Wenye pasi hawarudishiwi.